Kima Punju Naye Ana Haki ya Kupimwa: Wito kwa Wahudumu wa Afya wa Unguja

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watu wa Unguja methali hii imekuwa kweli kwa namna nyingi. Wageni wametujengea soko, wametuletea ajira, na vijana wengi wa Mji Mkongwe na wa vijiji vya pwani wanaendesha maisha yao kwa sababu yao. Lakini yuko mwenyeji mwingine kisiwani ambaye wageni humjia kila siku, nao humtazama, humpiga picha na kumsogelea, bila mtu kumuuliza kama ujio huo unamponya au unamtia maradhi. Huyo ni kima punju.

Kima punju, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Piliocolobus kirkii, hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo kama Uzi na Vundwe. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Ana mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, na mkono usio na kidole gumba cha maana. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sensa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wamebaki 5,862, idadi inayozidi mara tatu makadirio ya awali. Wengi wao wanaishi katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Hizo ni habari njema, lakini sensa hiyo hiyo ilionesha kuwa makundi yanayoishi nje ya hifadhi ni madogo zaidi, na kwamba katika baadhi ya maeneo kima hawa wamekwisha kutoweka.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Utafiti wa ustawi wa kima punju unapaswa kuombewa fedha kutoka hapa Unguja, na sisi wahudumu wa afya tunapaswa kuwa miongoni mwa waombaji wenyewe. Haitoshi kuitwa baadaye kutia saini na kusindikiza kazi ya wengine.

Swali ambalo hatuna budi kulijibu kwanza

Najua msomaji ataniuliza nini, kwa sababu nimekwisha kuulizwa na wenzangu wodini: watoto wetu wanangoja mashine za oksijeni, na wewe daktari wa mapafu unataka kuwaombea kima fedha?

Swali hili ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa dharau. Jibu lake lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Sehemu ya kwanza ni kwamba fedha hizi hazitoki katika mfuko ule ule. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund ya Abu Dhabi, iliyoanza kutoa ruzuku mwaka 2009, hutoa hadi dola 25,000 za Marekani kwa mradi mmoja, na fedha hizo ni za uhifadhi wa viumbe walio hatarini tu. Rufford Foundation ya Uingereza nayo hutoa ruzuku ndogo ndogo kwa wahifadhi wa nchi zinazoendelea. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa jamii ya nyani ina ruzuku zake, zikiwamo za matunzo ya wanyama wanaofugwa. Hakuna hata senti moja ya fedha hizo inayoweza kununua mtungi wa oksijeni. Tusipoziomba, haziendi Mnazi Mmoja wala katika vituo vya afya vya vijijini. Zinakwenda kwa chura wa Amerika ya Kusini au ndege wa Asia, na wao pia wana haki yao.

Sehemu ya pili ni kwamba uko mfuko mmoja ambao kweli ni wa pamoja, nao ni muda wetu. Saa ambayo daktari bingwa anaitumia kuandika andiko la mradi ni saa ambayo haikutumika kwa mgonjwa. Kwa hiyo andiko lisilorudisha kitu kwa binadamu wa Unguja halistahili saa hiyo. Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza, nacho ndicho kinachotofautisha andiko letu na maandiko mengi yanayotufikia yakiwa tayari yamekamilika, yenye jina la mwenzetu mmoja lililotiwa mwishoni kama pambo.

Afya ya mnyama na afya yetu

Tabibu hahitaji kushawishiwa sana kwamba hali ya mnyama na hali ya binadamu zimefungamana. Mwaka 1967, tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda walifikishwa katika maabara za Marburg na Frankfurt, nchini Ujerumani, na Belgrade, katika Yugoslavia ya wakati ule, ili figo zao zitumike katika kazi za chanjo. Watu 31 waliugua homa ambayo haikuwa imejulikana kabla, na 7 wakafariki. Homa hiyo ndiyo tuliyoiona ikizuka Kagera mwaka 2023. Leo tunajua kuwa makazi ya kawaida ya kirusi cha Marburg ni popo wala matunda. Hata hivyo funzo la mwaka 1967 halijafutika. Namna mnyama anavyokamatwa, anavyosafirishwa na anavyotunzwa ni jambo linalomhusu pia mtumishi anayemshika.

Safari ya maradhi huenda pia upande wa pili. Katika msitu wa Taï, nchini Côte d'Ivoire, sokwe walikufa katika milipuko kadhaa ya maradhi ya kifua kati ya mwaka 1999 na 2006, na watafiti walipochunguza mabaki yao walikuta virusi vya binadamu vya njia ya hewa, vile vile vinavyojaza wodi zetu za watoto. Mwaka 2013, katika hifadhi ya Kibale, Uganda, sokwe 5 kati ya 56 wa jamii moja walikufa kwa maradhi yaliyohusishwa na kirusi cha mafua cha binadamu, ambacho kwa mtu mzima huwa ni kero ya siku chache. Huko Bwindi, nchini Uganda pia, masokwe wa milimani waliwahi kupata upele uliohusishwa na watu wa vijiji jirani. Daktari wa wanyamapori Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeshughulikia mkasa huo katika miaka ya 1990, alifikia uamuzi wa busara: huwezi kumtibu sokwe ukamwacha jirani yake binadamu na upele wake. Mwaka 2003 akawa mwasisi wa shirika la Conservation Through Public Health, linalohudumia afya ya wanakijiji na ya masokwe kwa pamoja. Huo ndio mfano wa andiko linalorudisha kitu kwa watu.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Kima punju si sokwe. Undugu wake na sisi ni wa mbali zaidi, na ushahidi wa Taï au wa Kibale hauwezi kuhamishiwa Jozani kama mtu anavyohamisha kiti. Na watafiti wale wa Taï walionesha jambo jingine tusilopaswa kulisahau: kuwapo kwa watafiti na wageni msituni kuliwalinda sokwe dhidi ya majangili. Kwa hiyo hatuwezi kusema wageni wafukuzwe, wala hatuwezi kusema hakuna la kuogopa. Kauli zote mbili zinahitaji vipimo, na vipimo vinahitaji fedha.

Tafiti ndogo zilizozaa matunda

Wapo wanaodhani kuwa utafiti wa wanyama ni anasa isiyofika popote. Historia ya Jozani inawakanusha.

Chukua barabara iendayo Paje na Makunduchi, ambayo inapita kando ya msitu. Kabla ya kuwekwa matuta, ilikadiriwa kuwa kima mmoja alikuwa akigongwa na gari na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2021, baada ya matuta kuwapo kwa miaka mingi, zilionesha kuwa kima mmoja hufa kila baada ya wiki sita hivi. Vifo havijakwisha, lakini vimepungua sana. Matuta ni udongo, lami na uamuzi. Kilichoyapa nguvu ni hesabu iliyofanywa na watu waliokubali kuhesabu mizoga.

Chukua pia malalamiko ya wakulima kuhusu minazi. Kwa miaka mingi kima punju walishutumiwa kwa kula nazi changa, zile za umri wa kidaka, na kuharibu mavuno. Watafiti walikwenda wakahesabu, mnazi kwa mnazi, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonesha mavuno kupungua mahali kima walipokula zaidi. Huenda kima walikuwa wakipunguza vidaka ambavyo mnazi wenyewe ungevipukutisha. Mkulima hakudharauliwa. Lalamiko lake ndilo lililogeuzwa kuwa swali la kisayansi.

Na chukua makaa. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana protini nyingi lakini pia yana kemikali za jamii ya fenoli zinazowadhuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulieleza kuwa kima hawa hula makaa ya miti, na kwamba makaa hayo hunasa kemikali hizo tumboni. Muuguzi yeyote wa kitengo cha dharura atatabasamu kusikia hivyo, kwani ndiyo kazi tunayoipa makaa ya kitabibu tunapomhudumia mtu aliyemeza sumu. Mnyama ambaye jina lake, kama wanavyosimulia wazee, linamhusisha na sumu, alikuwa akijitibu sumu kabla hatujamtazama.

Andiko letu liulize nini

Mwaka 1965, kamati iliyoongozwa na Brambell nchini Uingereza ilitoa ripoti kuhusu mifugo, ambayo kwayo baadaye yalizaliwa yale yanayoitwa mambo matano ya ustawi: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asiwe na adha ya makazi, asiwe na maumivu, jeraha wala maradhi, awe huru kutenda yaliyo maumbile yake, na asiishi katika hofu. Kwa mnyama wa porini hatuwezi kuahidi yote hayo, kwani maumbile yenyewe hayaahidi. Tunachoweza kuahidi ni kwamba sisi hatutaongeza mzigo.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalolipendekeza ni dogo, linalopimika: je, makundi ya kima yanayotembelewa na watalii kila siku yana hofu na maradhi zaidi kuliko makundi yasiyotembelewa, na je, barakoa pamoja na umbali vinabadilisha hali hiyo? Kwa masokwe na sokwe, mwongozo wa IUCN wa mwaka 2010 unataka mgeni akae mita 7 au zaidi na avae barakoa. Kwa kima punju tunahitaji kipimo chetu wenyewe, kilichopatikana hapa.

Kipimo hicho hakihitaji kumpiga mnyama sindano ya usingizi. Kinyesi kilichookotwa chini ya mti kinatosha kueleza mengi: mabaki ya homoni za msongo kama kotisoli, mayai ya minyoo, hata vipande vya virusi. Teknolojia ya PCR, ambayo UVIKO-19 ilifanya jina lake lijulikane hadi sokoni Darajani, ndiyo inayotumika. Mtaalamu wa maabara anayepima makohozi ya binadamu anao ujuzi wa msingi unaohitajika, naye akishirikiana na daktari wa wanyama atajifunza mengine. Hiyo ni faida ya kwanza inayobaki kisiwani.

Faida ya pili iwe kwa watu wa msituni. Anayekaa karibu na kima kila siku ni mlinzi wa msitu na mwongoza watalii, zaidi ya mtalii apitaye. Andiko litenge fedha za kuwapima watu hawa kifua kikuu, kuwapa chanjo zinazofaa, na kuwapa haki ya kubaki nyumbani bila kukatwa malipo wanapokohoa. Kumwambia mtu asiende kazini akiwa na mafua, bila kumlipa siku hiyo, ni kumshauri alale na njaa. Kipengele hiki kinamlinda kima, na kinamlinda pia mke na watoto wa mlinzi huyo kule Pete au Kitogani.

Faida ya tatu iwe ya shehia. Matokeo yasomwe kwanza mbele ya sheha na wananchi, kwa Kiswahili, kabla ya kupelekwa katika jarida la ng'ambo. Takwimu zihifadhiwe katika taasisi ya hapa Zanzibar, na jina la mtafiti wa hapa litangulie pale anapoongoza kazi. Mfadhili mwenye busara hatalikataa sharti hilo, kwani hulifanya andiko liwe imara zaidi.

Kuhusu vibali, nawaomba wenzangu wasivione kama ukuta. Sehemu yoyote inayowahusu watu lazima ipite katika kamati ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na sehemu inayohusu msitu lazima ipate idhini ya mamlaka za misitu za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Maombi hayo yaanze mapema, sambamba na andiko lenyewe. Andiko lililo tayari na kibali kisicho tayari ni kama jahazi lenye tanga na lisilo na usukani.

Bajeti nayo iseme ukweli. Katika ruzuku ndogo, sehemu kubwa iende kwa watu wanaofanya kazi msituni na maabara, kwa vitendanishi na usafiri. Tusiijaze warsha za hotelini. Mfadhili anayesoma bajeti yenye posho za vikao kuliko sampuli anajua anachokisoma.

Kwa msomaji ambaye si mtafiti

Wewe uliyeshika jarida hili ukiwa katika foleni ya kliniki nawe una sehemu yako. Usimpe kima mkate wala ndizi. Tumbo la kima punju lina vyumba vya kuchachushia majani, na vyakula vyenye sukari huweza kulivuruga. Usimsogelee ukiwa na mafua au kikohozi. Ukiendesha gari au daladala karibu na msitu, punguza mwendo hata pasipo na tuta. Usinunue wala kufuga mtoto wa kima au komba, kwani mtoto huyo alitoka kwa mama aliyenyang'anywa. Na iwapo utaumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa jamii hii, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili mhudumu aamue kama unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Usisubiri kidonda kiive.

Jambo moja la mwisho ni zito. Wanyama wengi walio hatarini wanayo akiba yao katika bustani za wanyama za dunia. Jamii ya kima wekundu hawana, kwa sababu hawastahimili kufungwa, nao hufa. Ndugu yao mmoja wa Ghana na Côte d'Ivoire, anayeitwa kwa jina la Miss Waldron, hajaonekana kwa uhakika na mwanasayansi tangu mwaka 1978. Kima punju akiisha Unguja, hakuna pa kwenda kumchukua mwingine.

Kwa hiyo nawaalika wenzangu: daktari mmoja, mtaalamu mmoja wa maabara, daktari mmoja wa wanyama, ofisa mmoja wa misitu na mwananchi mmoja kutoka shehia zinazopakana na Jozani, tukae meza moja kabla ya dirisha lijalo la maombi kufunguliwa. Ajenda iwe swali moja tu, dogo, linalopimika, na kila aliye mezani aeleze mapema atakachokirudisha kwake. Tukilipata swali hilo, kurasa za andiko zitaandikika.